Behewa la Kati

Mwaka wa kumi na mmoja huu naendesha tramu,
Strasburgi hadi Kehl, Kehl hadi Strasburgi,
na mto Rhine chini yangu haujaniuliza pasi hata siku moja.
Dakika mbili darajani.
Nafungua milango, nafunga. Kengele.

Ruxandra hupanda saa nane na robo mchana,
koti la kijivu, mfuko wa machungwa,
viatu vya kazini kavifunga gazetini.
Ana miaka arobaini na mitatu. Bega moja limeshuka
kama la mshonaji. Kwao ni Brăila,
mji wenye mto mkubwa kuliko huu, asema,
na makaratasi machache.

Kazi yake aliniambia bila kunong'ona
siku mashine ya tiketi ilipommezea sarafu.
"Usinihurumie," akasema. "Nisaidie na mashine."

Tangu hapo hunisimulia sheria
kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Upande wa Ufaransa yeye hana kosa,
kosa ni la anayemlipa:
faini ya euro elfu moja na mia tano.
Basi mteja huja shingo kaificha kolani,
hataki taa, hataki jina, hataki kungoja,
na Ruxandra, asiye na kosa,
ana nusu dakika nyuma ya maghala
kuisoma mikono ya mtu asiyemjua.
Hana kosa, lakini mwenye nyumba kamfukuza:
kumpangishia chumba ni kula jasho lake.
Hivyo ndivyo alivyoambiwa na mwanasheria,
akamtoza ada ya saa nzima.

Upande wa Ujerumani ana kadi.
Picha, mhuri, tarehe ya kuisha.
Kila mwaka huketi mbele ya Bi Zipf wa afya,
amuulize yale yale, amjibu yale yale.
Kodi analipa. Risiti anazo.
Mwenye danguro humdai chumba kwa siku,
awe na wateja, awe na mafua.
"Huku wananitambua," asema,
"kama gari linavyotambuliwa kwa namba."
Na wenzake wasiothubutu kuandikishwa,
kwa kuwa nyumbani yupo mtu anayefungua barua zao,
wamesimama nyuma ya kituo cha mafuta,
kwenye nchi iliyoruhusu, bila ruhusa.

Dada yangu Clothilde aliandamana kuidai sheria ya kwetu.
Ni muuguzi. Amewaosha majeraha
wanawake walioletwa kwa vitisho, pasi zao mfukoni mwa mtu.
Sithubutu kumwambia amekosea.
Hajakosea.
Wala Ruxandra hajakosea.
Mimi hapo ndipo reli yangu inapokatika.

Februari, umeme ulizimika tukiwa darajani.
Tramu ikasimama kimya, kama imekumbuka jambo.
Nikatoka chumbani mwangu kutuliza abiria.
Mstari wa mpaka hauonekani, lakini naujua ulipo:
behewa la mbele lilikuwa Ujerumani,
la nyuma Ufaransa,
naye amekaa la kati, mfuko magotini.

"Dereva," akaita, "hapa mimi ni nani?"
Watu wakacheka, wasijue wanacheka nini.
Sikuwa na jibu. Nikasema mafundi wako njiani.

Akamenya chungwa. Harufu ikajaa behewa zima.
Akagawa vipande: mtoto, bibi mwenye mkongojo,
wanafunzi wawili, na bwana mmoja wa tai ya buluu
ambaye tangu Strasburgi alikuwa akitazama dirishani,
kule kusikokuwa na kitu ila ukungu.
Mkono wa Ruxandra ulisita mbele yake, kidogo tu,
kama mtu aliyeona sura anayoijua na akaamua kutoijua.
Kisha akampa.

Bwana yule akapokea bila kuinua macho,
akala kipande chake na mbegu zake.

Umeme ukarudi.
Nikapiga kengele, nikashika usukani wa mkono,
na kwa sekunde moja, naapa,
sikukumbuka tulikuwa tunaelekea upande gani.