Kanda ya Morishita

Fundi wa Kijapani aliniachia kanda,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
iwe malipo ya suruali mbili.

Sikuelewa. Saksofoni inapanda ngazi,
inasahau ilichofuata,
inashuka ikicheka.
"Mnyamazishe huyo jogoo," akasema Mwantumu,
huku kidole gumba cha mguu kikigonga sakafu.

Ilikatika mwaka ule wa foleni za sukari.
Nikaiunga kwa rangi yake ya kucha.
Tangu hapo, katikati ya wimbo wa tatu,
Morishita humeza pumzi,
nami husimamisha mguu kwenye cherehani.

Miaka thelathini na nane.

Jana mjukuu kanipatia wimbo uleule kwenye simu,
msafi, haukatiki popote.
Anapuliza, Mungu amweke.
Ila pale penye rangi ya Mwantumu
nilisimamisha mguu,
yeye akapita.