Simba wa Pijo

Miaka kumi na tisa ilikaa nyuma ya banda la kuku, Isevya,
kutu ikiitafuna polepole, kama kibogoyo na karanga.
Pijo mia nne na nne, pikapu, gia ya usukani.
Majirani wakiniuliza lini nitaiuza kwa kilo
nawajibu: kesho.
Kesho yangu ni ndefu.

Wa kwanza kutoka walikuwa nyuki.
Walijenga chini ya siti, wakaziba hata tundu la spidomita.
Nyanzala wa mizinga alikuja na moshi wake na debe,
akawahamisha wakinung'unika kama wapangaji.
Tukapata lita nne, asali nyeusi yenye ladha ya miombo
na, naapa, ladha kidogo ya grisi.
Ndiyo iliyonunua gasketi ya sirinda hedi.
Mgonjwa kajilipia dawa.

Mimi na Msoka, kijana wangu wa spana,
tukaloweka nati kwenye mafuta ya taa usiku kucha,
maana nati iliyolala miaka haiamshwi kwa kofi.
Kabureta tuliichemsha kwenye sufuria
ambayo sasa hairudi tena jikoni.
Ringi zilitoka Mwanza kwa basi, zimefungwa kwenye kanga;
bushi tulichongewa karakana ya reli
na fundi asiyetaka jina lake litajwe.

Kisha msasa.
Mlango wa kushoto, wa abiria. Juu bluu niliyoizoea,
bluu ya baba, MIHAYO kwa herufi za mkono.
Chini yake kijani. Chini ya kijani, krimu ya kiwandani,
na juu ya krimu herufi nyekundu zikaanza kujitokeza
kama mtu anayeamka:

MIHAYO NA LUGATA
ASALI – NTA
SIKONGE – TABORA

Msoka akazima redio.
Na?
Baba hakuwahi kuitamka hiyo "na".
Alizikwa nayo.

Lugata nilimpata Ng'ambo, nyumba ya mlango wa bati,
mguu mmoja umeliwa na kisukari, masikio mazima.
"Mwangaluka," nikasema.
Hakunitazama uso. Alitazama mikono, ile grisi ya kwenye kucha.
"Wewe ndiye Kalunde. Ulitapika kwenye siti yangu, njia ya Ipole."
Sikuuliza waligombania nini. Hakusema.
Aliingiza mkono uvunguni, akatoa kopo la maziwa ya unga;
ndani ya kopo, kitambaa; ndani ya kitambaa, simba,
yule simba wa chuma wa kwenye pua ya Pijo,
amesimama kwa miguu miwili, hana hata doa.
"Tuligawana," akasema. "Yeye akachukua gari."

Jumapili tulimpakia mbele, mguu wake juu ya mto.
Msoka akazungusha hendeli: mara ya kwanza, kikohozi;
mara ya pili, tusi (la Msoka);
mara ya tatu injini ikashika, na mngurumo ule
ulikuwa wa nyuki, wale wale, wamerudi kudai chumba.

Tukashika barabara ya Sikonge, kilomita arobaini kwa saa.
Malori ya tumbaku yalitupita yakipiga honi.
Trafiki akatusimamisha; nikatafuta leseni,
kumbe anataka picha na simba.
Gari zima nimelirudishia krimu yake,
ila mlango ule nimeuacha na dirisha la msasa,
bluu pembeni, kijani, kisha majina mawili
na kile kineno katikati yao.
Lugata alitoa mkono nje, kidole kikawa kinapapasa L,
kinarudi, kinapapasa tena.

Akafumba macho. Nikadhani amelala.
"Klapa ya tatu inalia," akasema.
"Nilimwambia baba yako. Mwaka mzima nilimwambia."
"Akajibuje?"
Tulipita daraja zima kabla hajasema.
"Alisema ni nyuki."