Zamu ya Kunyamaza

Jumanne, kipindi cha tatu, Walsall.
Mvua ya Novemba inakwaruza madirisha,
hita inalia tangu asubuhi kama kuku anayetaka kutaga.
Nasogeza meza. Meza zilizozoea kunitazama mimi
nazigeuza zitazamane.

Nagawa kadi nilizozikata jana usiku jikoni
kwa mkasi wa vitunguu majani:
Muulizaji. Mchoraji. Msaka Maneno.
Mfupishaji, kazi ambayo hakuna anayeitaka.
Na yule wa kuunganisha kitabu na maisha,
ambaye kichwani mwangu namwita Mshenga,
maana kazi yake ni kuposa,
na kama kawaida ya posa, mara nyingine anafukuzwa.

Kitabu ni kile cha baba aliyeuza farasi,
farasi wa kuvuta mashua ya makaa mferejini,
na bintiye akajifunga kamba kiunoni
akaivuta yeye.
Sura ya tisa. Nakala tano hazina jalada.
Moja ina duara la kikombe cha chai. Ni changu.

Nami nimejiapiza: leo sisemi.
Miaka kumi na mmoja nimefundisha kwa kutafuna.
Naitafuna sura, nawatilia vinywani
kama njiwa na makinda,
halafu nashangaa hawana meno.

Dakika ya nne. Kundi la dirishani, kimya.
Kian anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka.
Zuzanna anahesabu kurasa zilizobaki.
Ulimi unaniwasha, naukalia
kama sanduku la safari lisilokubali kufungika.

Ndipo Maisie, kutoka mlangoni:
"Baba ni mwizi. Farasi alikuwa wa mtoto."
"Mwizi?" Harkiran ameinuka nusu. "Mke anakohoa damu,
daktari anataka fedha. Wewe ungeuza nini?"
"Mashua."
"Halafu mlale wapi?"
Na Tafadzwa, Mshenga wa leo, bila kuinua macho:
"Sisi tuliuza friji. Kisha gari.
Nyumba ikaanza kuturudishia sauti zetu."

Hakuna aliyempa pole.
Walirudi tu nyuma kurasa mbili,
wakaisoma upya ile aya ya mnadani,
na safari hii baba hakuwa mwizi sana.

(Kundi la katikati, sina budi kukiri,
walijadili penalti ya Jumamosi nusu saa nzima.
Mfupishaji wao aliandika: Farasi. Huzuni. Basi.)

Kian hajasoma. Namjua.
Macho yake hugonga ukurasa kama nzi kwenye kioo.
Lakini kadi inasema Muulizaji, basi anauliza:
"Farasi alijua?"
Alijua nini?
"Kwamba anauzwa. Asubuhi ile.
Au alidhani anakwenda kazini?"

Zuzanna anaifungua sura ya saba. Wanapekua,
vidole vitano juu ya ukurasa mmoja.
Haimo. Mwandishi hakuandika.
Wote wananigeukia, nyuso kama sahani tupu,
nami nina la kusema, lini nilikosa la kusema?
Nikaitazama saa ya ukutani
hadi wakachoka kunisubiri.

"Alijua," akasema Harkiran.
"Hakujua," akasema Maisie, "ndiyo maana alitembea."
Walitoka wakibishana hadi kantini,
chipsi zikapoa kwenye trei.

Jioni, ghorofa ya juu ya basi, nazipanga kadi gotini.
Ya Mchoraji haina farasi wala mfereji.
Ina vichwa vitano vimeinamiana,
na nje yao, kwenye kiti kifupi,
mwanamke mrefu, magoti karibu na masikio,
viganja viwili mdomoni, macho yamemtoka.
Chini yake kazi ambayo sikuigawa:
Mnyamazaji.
Na pembeni, kwa kalamu yangu nyekundu,
sijui aliichukua saa ngapi,
saba kwa kumi.