Haki ya Mnyonge

Debrecen, Januari. Kioo cha maabara kimeganda,
na Zsombor bado anangoja waridi lishtuke chupani.
Siki chini, amonia juu ndani ya bureti:
tone, tikisa, tone, tikisa,
na rangi imesinzia.

"Wenye nguvu huuruka ukuta," namwambia.
"Hawa wawili hupanda kilima wameshikana mikono,
hutaona walipofika juu."

Mnyonge mnyongeni, lakini hesabu yake ifanyeni:
asidi iliyobaki, chumvi iliyozaliwa,
gawanya, tafuta logi.
Nusu ya njia zinalingana.
Logi ya moja ni sufuri,
na pH inasimama palepale, nne nukta saba sita,
tabia ya siki yenyewe, haijaazima kitu.

Anafuta. Anaandika upya, ulimi nje ya meno.
Mwisho wa safari, unyonge wao ni sawa:
wanakutana saba.

"Saba tu, Mwalimu Piroska? Bila rangi?"

Bila rangi.

Anaikodolea macho ile chupa angavu
kama mtu aliyeletewa barua
isiyo na muhuri wala jina,
ila mwandiko anaujua.