Safu ya Thelathini na Moja

Cathal amepiga kutoka Auckland. Kwake asubuhi,
kwangu usiku, mvua inachapa dirisha la jiko
na milima ya Mourne imejifunika gubigubi.
"Chagua kiti, Mama. Nalipa mimi.
Raha jipe mwenyewe."
Kompyuta inanitolea mchoro wa ndege,
samaki aliyepasuliwa, ndani viti kama meno:
mbele machache, yameachana kwa adabu,
nyuma tisa kwa safu, yamebanana
hata kijiti hakipenyi.

Anadhani sivijui.

Miaka ishirini na sita, mwanangu,
juu ya stuli ya mbao isiyo na mgongo,
nilishona viti vya ndege.
Vya daraja la kwanza vilikuja na ngozi
ya ng'ombe asiyewahi kuchubuliwa na seng'enge;
tuliipapasa kwa mikono iliyonawa mara mbili,
mshono juu ya mshono, na msimamizi McAteer
akipita na rula yake kama padri na ubani.
Vya nyuma vilikuwa kitambaa cha buluu,
sponji nyembamba kama mkate wa mgonjwa,
arobaini kwa zamu. Nenda, rudi, kata uzi.
Kinyozi hajinyoi. Mbali kuliko kote nilikofika
ni Lourdes, kwa basi,
na Breege alitapika Ufaransa nzima.

Kwa hiyo najua ninachokitazama.
Kile cha mbele hulala kikawa kitanda;
bei yake ni paa jipya la nyumba hii
na chenji ya kununulia makaa.
Cha katikati kina inchi nne za ziada
na kibao cha kuegemeza miguu
ambacho skrubu yake, nakuapia, hulegea mwaka wa pili.
Cha nyuma nakijua kwa vidole.
Na nyonga yangu ya kulia, iliyotiwa chuma mwezi Machi,
imetega sikio.

"Cha mbele, Mama. Saa kumi na saba hizo, si mchezo."

Nyuma ya sauti yake mtoto analia,
ana wiki tatu tu duniani.
Marama anambembeleza kwa maneno nisiyoyaelewa.
Nyumba waliyopanga ina ukungu ukutani;
aliniambia mwenyewe wakati wa Krismasi,
kisha akajuta, akaanza kusifia bustani.

Na huko mbele ningelala, mimi?
Ningelala, au ningekesha nikisoma mishono?
Huu wa Breege, anavuta uzi mno.
Huu wa Philomena, Mungu amrehemu.
Huu wangu, Jumatatu moja ya baridi,
siku baba yako alipoondoka,
umepinda kidogo hapa, chini ya mkono,
na McAteer aliuona, akaweka rula mfukoni.

Lakini nyonga haina kumbukumbu, ina maumivu.
Ninashuka kwenye mchoro polepole,
kama mtu anayetafuta bei sokoni bila kuuliza,
mpaka safu ya thelathini na moja.
Mbele yake hakuna kiti. Kuna ukuta.
Mguu unanyooka wote, na chuma chake.
Bei ni ileile ya nyuma, na bado kiko wazi,
kwa maana watu wanakikimbia.
Kwenye ukuta huo ndiko hutundikwa
vitanda vya watoto wachanga.

"Umechagua?"
"Nimechagua."
"Kipi?"
"Kizuri. Nenda kambebe mwanao."

Chai imepoa. Naimimina kwenye sinki,
narudi kuutazama ule mraba mdogo
uliogeuka kijani, wangu.
Atalia, huyo atakayetundikwa mbele yangu,
atalia kutoka Doha mpaka mwisho wa dunia,
na watu watavaa viziba masikio na kunionea huruma.
Alie tu.
Ninakwenda kuzoea.