Basi la Kuzunguka

Miaka mitatu nilikuwa nafika kazini kabla yangu.
Mwili ungali kituoni, Walkley, juu ya mteremko,
roho imeshavaa aproni, imesimama mbele ya mashine za kufulia,
inaomba radhi kwa dakika ambazo hazijapotea.

Mwenda pole hajikwai, huniambia Mwanapili kwenye simu.
Dada yangu hajaiona barafu ya Januari, Sheffield.
Hapa mwenda pole hujikwaa, tena hadharani,
na mkoba humtangulia hadi chini,
mbaazi zikitawanyika moja moja.

Basi la haraka nililijua lote:
mlango unasitia wapi,
kiwiko cha nani kina hasira Jumatatu,
taa ipi ya barabarani inanichukia mimi binafsi.
Nilihesabu. Nilihesabu hata usingizini.

Kisha siku moja ya Novemba likanifungia mlango usoni.
Kwenye kioo nikamwona mwanamke
mdomo wazi, skafu upande, mkono juu
kama anayeidai dunia chenji yake.
Nikamcheka.
Halafu nikamtambua.

Nyuma yake likaja lile la kuzunguka,
linaloingia kila mtaa kama mtu
aliyesahau alichofuata jikoni.
Viti tele. Dereva wake, Maureen,
haondoki mpaka wazee wakae,
na wazee wa huku hukaa kwa awamu.

Bwana Arkwright alipanda nami, ndoo mkononi,
ametoka kwenye kijibustani chake cha kukodi.
Kumbe kituo chetu ni kimoja, miaka yote hiyo,
na sikuwahi kumwona.
Haongei. Siku ya nne akanipa kabichi
bila neno, kama anayelipa deni la zamani.
Niliingia nayo kazini kwapani.

Ile siku ya kwanza nilichelewa dakika nne.
Hakuna aliyeniuliza. Mashuka ya hospitali yalikuwa palepale,
machafu, yana subira.
Dakika nne!
Ndizo zilizokuwa zikinila maini.

Siku hizi naamka mapema kidogo.
Simu naizika chini ya kontena la wali,
iite huko, iyaite maharage.
Najua dirisha la paka mwenye rangi ya chai,
na la kijana anayepiga pasi shati lilelile, kifua wazi,
na ile kona ambapo, kwa pumzi tatu tu,
nyumba zinaachana na mji mzima unaonekana bondeni
na taa zake, kabla haujajivuta blanketi la ukungu.
Pale siwazi kitu.
Ilinichukua majira mawili kujifunza kutowaza kitu.

Sisemi nimepona.
Juzi halikuja kabisa.
Mvua ya ubavuni, na kile kibao kinasema dakika mbili,
dakika mbili, dakika mbili,
kinadanganya kwa adabu.
Nikausikia moyo unafunga kamba za viatu.
Bwana Arkwright akasogeza ndoo kwa mguu,
akainamisha mwavuli ukanifika bega moja.
Tukaitazama barabara.

Basi, nikauambia moyo.
Basi.

Ukaketi.
Bega la pili lililoa chapachapa.