Jiko la Gereji

Julai. Baridi ya Kibo imeshuka Majengo bila hodi.
Fundi Ndelilio anapanga matofali
juu ya doa la oili,
pale Pijo ya baba ilipolala miaka kumi na tisa
kabla haijauzwa kulipia hospitali.

“Jiko hili halina njaa,” anasema.
“Kuni mbili za mgrivea:
ugali umeiva, na maji ya kuoga juu.”

Bomba la moshi limepungua shubiri moja.

Mama anaingia chumbani, anapiga magoti,
anavuta ekzosi kutoka uvunguni,
kutu tupu,
ile aliyomnyima mnunuzi wa skrepa.
Inaingia sawasawa.

Tunawasha. Ukuta unakohoa mara mbili, unanguruma.
Mama amesimama, mkono kwenye kanga,
kama anayesubiri honi
akafungue geti.